Mstari Unaopanda Haraka: Lishe ya Miaka ya Mwanzo na Unene wa Utotoni

Chukua watoto wawili wa kiume wa miezi sita, kila mmoja ana kilo 8. Kwenye chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani (WHO), uzito huo kwa umri huo ni katikati kabisa, na hakuna muuguzi atakayekunja uso. Lakini mmoja alizaliwa na kilo 3.3, ambazo nazo ni katikati ya chati kwa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo amepanda akiwa juu ya mstari uleule. Mwenzake alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 2.5, pale kwenye mstari wa -2 (ule wa katikati ni 0), na ndani ya miezi sita amevuka nafasi mbili nzima za chati. Kwa macho na kwa mizani wanalingana. Kwa hatari ya unene huko mbele, hawalingani.

Wataalamu wa ukuaji wana kipimo cha kasi hiyo. Mistari mikuu ya chati huandikwa -3, -2, -1, 0, 1, 2 na 3 (kadi nyingine huruka ule wa 1, hapo unakadiria katikati). Mtoto akipanda zaidi ya 0.67, yaani kama theluthi mbili ya nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari, anahesabiwa kuwa ameongezeka uzito kwa kasi. Mwaka 2012 ulitoka uchambuzi uliounganisha takwimu za watu zaidi ya 47,000 kutoka tafiti kumi. Ulionyesha kwamba kwa kila nafasi moja mtoto anayopanda kati ya kuzaliwa na kutimiza mwaka, uwezekano wa kuwa na unene uliokithiri utotoni unakaribia kuwa mara mbili.

Hapa watu wengi hushtuka kupita kiasi, kwa hiyo tuliweke sawa. Mara mbili ya uwezekano mdogo bado inaweza kuwa uwezekano mdogo. Mtoto aliyezaliwa mdogo anahitaji kufidia kiasi fulani. Njiti, au mtoto anayetoka kwenye utapiamlo au ugonjwa, anarudi kwenye mstari wake, na kumbania chakula ni hatari kubwa zaidi kuliko unene wowote. Na mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akanenepa mapaja mpaka yakajaa mikunjo miezi ya mwanzo, mara nyingi hupungua mwenyewe akianza kutambaa. Kinachotafutwa ni mtoto mzima wa afya ambaye mstari wake unazidi kupanda mwezi baada ya mwezi bila sababu, hasa kama wanaomlisha ndio wanaoamua ale kiasi gani.

Kabla ya kumhukumu mtoto, hukumu vipimo. Unene kwa watoto chini ya miaka mitano hupimwa kwa uzito kulingana na urefu: juu ya mstari wa +2 ni uzito uliozidi, juu ya +3 ni unene uliokithiri. Kuanzia miaka mitano kanuni hubadilika. Inatumika BMI (kilo za uzito zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) kwa umri, na mipaka inashuka kuwa +1 na +2. Kuchanganya kanuni hizi mbili ni kosa la kila siku. Kosa kubwa zaidi liko kwenye urefu. Mtoto chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao: mtu mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine anabonyeza magoti yanyooke na kuleta kibao cha chini mpaka kiguse nyayo zilizosimama wima. Akifanya mtu mmoja peke yake, mtoto atakunja goti na sentimita mbili zitapotea. Sentimita mbili zikipotea kwa mtoto wa sentimita 70, uzito wake kwa urefu unapanda zaidi ya nusu ya nafasi ya mstari, na mtoto ambaye hajazidi anaweza kuandikwa amezidi. Akitimiza miaka miwili anaanza kupimwa amesimama, na urefu wake unasomeka mfupi kwa takriban sentimita 0.7. Huko si kudumaa, ni mabadiliko ya jinsi ya kupima.

Kabla hajazaliwa

Sehemu ya hadithi huanza tumboni. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, magharibi mwa Uholanzi iliyokuwa chini ya Wajerumani ilikumbwa na njaa kali. Watafiti walipochunguza rekodi za vijana 300,000 wa kiume wa miaka 19 walioitwa jeshini, matokeo yakichapishwa mwaka 1976, waliona jambo la ajabu. Wale ambao mama zao walishinda njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa wanene kuliko wenzao. Wale walioikuta njaa mwishoni mwa ujauzito na miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa walikuwa na unene mdogo. Wakati una uzito wake.

Upande wa pili ni kisukari cha ujauzito. Sukari ya mama inavuka kondo la nyuma, lakini insulini yake haivuki. Kongosho la mtoto linalazimika kutengeneza insulini nyingi ya kwake, na insulini hiyo ndiyo inayohifadhi mafuta. Ndiyo maana mtoto anazaliwa mkubwa, mafuta mengi mabegani na tumboni. Kudhibiti sukari ya mama mapema ni kinga ya mtoto pia.

Kuhusu uzito wa mama, mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009 bado unatumika sehemu nyingi: mwenye BMI kati ya 18.5 na 24.9 kabla ya mimba aongezeke kilo 11.5 hadi 16 kwa ujauzito mzima. Wa 25 hadi 29.9 aongezeke kilo 7 hadi 11.5, wa 30 na zaidi, kilo 5 hadi 9. Mwembamba wa chini ya 18.5 anahitaji kilo 12.5 hadi 18. Ile ya kula kwa ajili ya watu wawili haina mahali kwenye hesabu hizi. Na sigara: mama anayevuta huzaa mtoto mwepesi, kisha mtoto huyohuyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa baadaye. Anapata hasara mara mbili.

Maziwa, na hasa kijiko cha kopo

Maziwa ya mama yaliyokomaa yana protini kidogo, kama gramu 1 tu kwa mililita 100. Maziwa ya kopo ya zamani yalikuwa na zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa imani kwamba protini zaidi ni ukuaji bora zaidi. Jaribio lililofanyika Ubelgiji, Ujerumani, Italia, Poland na Hispania chini ya uongozi wa daktari wa watoto Berthold Koletzko liliwagawa kwa bahati nasibu watoto zaidi ya elfu moja waliokuwa wakinywa maziwa ya kopo: kundi moja likapewa yenye protini nyingi, jingine yenye protini kidogo, kalori zikiwa zilezile. Kufikia miaka sita, waliopewa protini nyingi walikuwa na uwezekano wa unene uliokithiri wa mara 2.43 ukilinganisha na wenzao. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba protini ya ziada huamsha insulini na homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1, na mwili unaanza kujenga seli za mafuta kwa kasi. Kwa hiyo anayetumia maziwa ya kopo asome lebo: kwa mtoto wa chini ya mwaka, yenye protini iliyo karibu na ya maziwa ya mama ndiyo bora, na maziwa ya ng'ombe ya kawaida yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya miezi 12.

Je, kunyonyesha kunazuia unene? Tuseme kweli. Tafiti nyingi za kufuatilia watoto zinaonyesha walionyonya wana unene mdogo kidogo. Lakini jaribio kubwa la Belarus, lililoanza mwaka 1996 na kuhusisha akina mama zaidi ya 17,000, lilifanikiwa kuongeza unyonyeshaji na bado halikupunguza unene watoto walipofika miaka 11 na nusu. Kunyonyesha kuna faida nyingi zilizothibitishwa, kuanzia kuhara kupungua, na ushauri wa WHO wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha kuendelea mpaka miaka miwili na zaidi, unasimama imara bila kutegemea hoja ya unene. Anayemwambia mama kwamba titi litamkinga mtoto na unene milele anamdanganya, na mama wa maziwa ya kopo anabebeshwa hatia isiyo na msingi.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye chupa yenyewe. Mtoto kwenye titi anaacha akishiba, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Chupa ina alama za mililita, na mtu mzima akiona mililita 30 zimebaki mkono unamwasha.

Tuanze na kuchanganya, maana ndipo mambo huharibika kimyakimya. Maji hutangulia, unga hufuata. Ukitanguliza unga kisha ukajaza maji mpaka alama ya 120, unga umekwisha kuchukua nafasi ya maji na maziwa yanakuwa mazito. Kijiko ni kile kilichomo ndani ya kopo lenyewe, kwa sababu makopo hayafanani: mengine kijiko kimoja ni cha mililita 30 za maji, mengine 60. Chota bila kushindilia ukutani mwa kopo, kisha sawazisha kwa ubapa wa kisu kisafi. Kijiko kilichoshindiliwa au chenye kilima juu kinaweza kuongeza sehemu ya kumi ya unga bila mtu kujua. Mtoto anayekunywa mililita 750 kwa siku hupata kama kilokalori 500. Kumi kwa mia ya ziada ni kilokalori 50 kila siku. Tena maziwa mazito yana chumvi nyingi zaidi, mtoto anasikia kiu, analia, na kilio kinajibiwa kwa chupa nyingine iliyo nzito vilevile. Mduara huo ndio wa kukata.

Kinyume chake ni hatari zaidi, na lisifanywe kamwe: kuzimua maziwa ili mtoto apungue. Maji mengi hushusha chumvi ya damu mpaka mtoto anaweza kupata degedege. Usalama wa kawaida nao ubaki palepale: maji yaliyochemka yatumike yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi ili kuua vijidudu vya kwenye unga, yapozwe baada ya kuchanganya, na maziwa yasiyotumika ndani ya saa mbili yamwagwe.

Kiasi? Kwa mtoto wa chini ya miezi sita makadirio ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima. Wa kilo 5 ni mililita 750; akila mara sita ni kama 125 kila mara. Namba hiyo ni ya kumsaidia mtayarishaji asitayarishe lita. Haimlazimishi mtoto kumaliza. Kuna siku atakunywa 90 na kuna siku atataka 150. Chupa kubwa nazo huchangia: watoto wa miezi miwili wanaolishwa kwa chupa za mililita 180 na zaidi wameonekana kuongezeka uzito zaidi kufikia miezi sita. Nunua ndogo.

Namna ya kulisha ni hivi. Mtoto akae nusu wima mkononi, chupa iwe karibu kulala mlalo, maziwa yajaze chuchu tu. Chupa ikisimama wima maziwa yanamiminika yenyewe na mtoto anameza ili asipaliwe. Huko si kunywa kwa njaa. Kila baada ya dakika chache shusha chupa, mpe nafasi ya kucheua na ya kuamua. Mlo uliokwisha dakika tano umekwenda mbio mno, tafuta chuchu yenye tundu dogo. Tazama mikono: mwenye njaa amekunja ngumi karibu na mdomo, anayeshiba vidole vinafunguka na mkono unalegea. Akigeuza uso, akafumba midomo, akaachia chuchu au akaanza kuangalia dari, mlo umekwisha hata kama zimebaki mililita 40. Zimwage. Najua zinauma, unga huo ni ghali, lakini tumbo la mtoto si mahali pa kuokolea hasara.

Na kilio si njaa kila mara. Njaa huanza kwa kutafuta titi, kulamba midomo na kunyonya vidole. Kilio ni ishara ya mwisho. Jaribio la INSIGHT huko Pennsylvania, Marekani, liliwafundisha akina mama wa watoto wa kwanza jinsi ya kusoma ishara hizi, kumtuliza mtoto kwa njia nyingine kabla ya kumlisha, na kumzoesha kulala bila chupa. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wao walikuwa na BMI ya chini walipofika miaka mitatu. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini imetokana na mafunzo matupu, bila dawa wala chakula maalumu.

Uji au nafaka ndani ya chupa ili alale usiku: acha. Haumfanyi alale zaidi, unaweza kumpalia, na unamwongezea kalori asizoziomba. Kuanzia miezi sita mwonyeshe kikombe, na kati ya miezi 12 na 18 chupa iage nyumba. Chupa ya kulalia ya mtoto wa miaka miwili ni mlo wa ziada unaokuja wakati hana njaa, na meno yanalipa pia.

Kijiko cha kwanza

Kuwahi kumlisha kuna gharama, hasa kwa wasionyonya. Utafiti wa Massachusetts uliotoka mwaka 2011 uliona kwamba watoto wasionyonya, au walioachishwa kabla ya miezi minne, wakaanzishiwa vyakula kabla ya miezi minne, walikuwa na uwezekano wa unene uliokithiri wa takriban mara sita walipofika miaka mitatu. Kwa waliokuwa wakinyonya uhusiano huo haukuonekana.

Kwa mtoto anayeendelea kunyonya, kinachohitajika kutoka kwenye chakula ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: takriban kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu kwa mlo, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukipanda taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe, mara tatu hadi nne. Baada ya mwaka, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, na kitafunwa kimoja au viwili katikati akitaka.

Uzito wa uji ni jambo dogo lenye madhara makubwa. Tumbo la mtoto hubeba kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili wake. Wa kilo 8 anajaa kwa gramu 240. Uji unaotiririka kama chai unamjaza maji, anashiba haraka na kuona njaa haraka. Mlezi anaona "hashibi", anaongeza sukari. Kipimo ni kijiko: kiinamishe, uji ubaki umeshika, usimwagike. Nguvu iongezwe kwa kuupika mzito na kutia vyakula vyenye lishe, mathalani yai, samaki aliyepondwa, nyama iliyosagwa, maharage, karanga zilizosagwa laini.

Sasa fanya hesabu ya sukari. Kijiko cha chai kimoja ni gramu 4, kilokalori 16. Vijiko vitatu kwa siku kwenye uji wa mtoto wa miezi saba ni kilokalori 48, yaani karibu robo ya zile 200 za chakula chote, na havina chuma hata chembe. Umri huo mtoto anahitaji kama miligramu 11 za chuma kwa siku, na maziwa ya mama yana chini ya miligramu 1 kwa lita. Sukari inachukua nafasi ya kile asichoweza kukipata kwingine. Matokeo yake tunayajua: mtoto mnene mwenye upungufu wa damu. Na yupo mwingine ambaye watu humsahau, aliyedumaa na kunenepa kwa pamoja. Lishe duni ilizuia urefu, kalori rahisi zikaongeza kilo, na kilo za kawaida kwenye mwili mfupi ni uzito uliozidi.

Juisi, hata iliyokamuliwa nyumbani bila sukari, iko kundi moja. Kikombe cha mililita 250 kina sukari gramu 20 hadi 25 na kilokalori zaidi ya 100, bila kutafuna na bila nyuzinyuzi za kumwambia tumbo limejaa. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2017 wanasema hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja, na baada ya hapo hadi miaka mitatu isizidi mililita 120 kwa siku. Mpe tunda lenyewe, lililopondwa au kukatwa. Asali haina nafuu yoyote juu ya sukari, na kabla ya miezi 12 ni marufuku kwa sababu ya sumu ya botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli.

Kuna ushahidi wa kihistoria wa jinsi sukari ya mapema inavyokaa mwilini. Uingereza iligawa sukari kwa mgao mpaka Septemba 1953. Mgao ulipoondolewa, matumizi yakakaribia mara mbili kutoka kama gramu 40 kwa mtu kwa siku. Watafiti walilinganisha watu waliotungwa mimba na kuzaliwa kabla na baada ya tarehe hiyo. Waliopitia ujauzito na utoto wa mwanzo ndani ya mgao walikuwa na kisukari cha aina ya pili pungufu kwa takriban asilimia 35 walipokuwa watu wazima. Kile ni kisukari, si unene moja kwa moja, lakini hao wawili ni ndugu wa damu.

Mafuta yasichanganywe kwenye kesi hii. Karibu nusu ya nguvu ya maziwa ya mama inatoka kwenye mafuta, na ubongo unayahitaji. Maziwa yaliyotolewa mafuta si ya mtoto wa chini ya miaka miwili, hata awe bonge. Kinachozidi kwa watoto wa mwaka mmoja na nusu ni wingi wa maziwa. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ina protini kama gramu 16, wakati mtoto wa umri huo anahitaji kama 13 tu kwa siku nzima. Ishia hapo kwenye nusu lita. Yale maziwa ya unga yanayouzwa kwa ajili ya watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mengi yametiwa utamu, na WHO katika mwongozo wake wa 2023 haiyapendekezi.

Mboga zina siri moja, nayo ni subira. Mtoto akitema karoti mara ya kwanza hajasema haipendi. Ladha ngeni huhitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano. Kijiko kimoja, bila ugomvi, kesho tena. Wazazi wengi huishia mara ya tatu au ya nne, wakaanza kuficha mboga ndani ya kitu kitamu, na mtoto anajifunza kupenda utamu.

Nani anaamua ameshiba

Mtu mzima aamue chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto aamue anakula kiasi gani, au hali kabisa. Mgawanyo huo ukishika, mambo mengi hujipanga. Kumfukuza na kijiko nyumba nzima, kumshika pua, kumwekea katuni ili mdomo ufunguke wenyewe, vyote vinamfundisha kula bila kusikiliza tumbo. "Maliza sahani upewe pipi" inafanya mabaya mawili kwa mpigo: inavunja shibe na inaipandisha cheo pipi. Kubana sana nako kunarudi kinyume. Biskuti iliyofungiwa kabatini mbele ya macho yake ndiyo atakayoila mpaka atapike akienda kwa jirani. Afadhali isinunuliwe.

Usingizi una nafasi yake: saa 12 hadi 16 kwa siku kwa wa miezi 4 hadi 11, na 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja hadi miwili, usingizi wa mchana ukiwemo. Skrini hazifai kabisa kabla ya miaka miwili.

Kisha unakuja umri wa mtego, miaka miwili hadi sita. BMI ya mtoto hupanda mpaka karibu miezi tisa, kisha hushuka kwa miaka kadhaa hadi kwenye miaka mitano au sita, ndipo ianze kupanda tena. Mtoto wa kiume wa katikati ya chati huongeza kilo 6.3 mwaka wa kwanza, 2.6 mwaka wa pili, na kama 2 tu mwaka wa tatu. Anarefuka, mbavu zinaonekana, hamu ya kula inapungua. Ndugu wanasema amekonda, zinaanza dawa za hamu ya kula na glasi za maziwa yenye sukari. Hakukonda, ndivyo inavyotakiwa awe. Anayeanza kupanda mapema, kabla ya miaka mitano, ndiye wa kuangaliwa. Utafiti wa Ujerumani uliofuatilia watoto zaidi ya 51,000 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya waliokuwa na unene uliokithiri wakiwa na miaka mitatu walikuwa bado na uzito uliozidi au unene walipobalehe, na kwamba kasi kubwa zaidi ya kunenepa ilitokea kati ya miaka miwili na sita.

Kama tayari amezidi, usimpunguze kilo kwa nguvu. Mtoto wa miaka mitatu anaelekea kurefuka kama sentimita 7 kwa mwaka. Uzito ukisimama palepale, au ukipanda polepole, urefu unaufikia. Toa vinywaji vitamu kwanza, vyote, kwa nyumba nzima na si kwa mtoto mmoja aliyetengwa mezani. Punguza maziwa mpaka nusu lita, rudisha milo kwenye saa zake, mwache acheze nje. Pima kila miezi mitatu, si kila wiki. Mizani ya kila wiki inapima choo na maji.

Tazama urefu pia. Mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida huwa mrefu kuliko wa rika lake. Anayenenepa huku urefu umesimama anahitaji daktari, kwa kuwa tezi ya shingo au homoni nyingine inaweza kuwa na kasoro. Dawa za steroidi za muda mrefu nazo huleta sura hiyohiyo. Daktari amwone vilevile aliyekuwa mlegevu, hanyonyi vizuri alipozaliwa, kisha baada ya mwaka au miwili akawa na njaa isiyokatika, au aliyefikia unene mkubwa sana kabla ya miaka mitano huku akiiba chakula usiku. Hali za kurithi za namna hii ni adimu. Baadhi, kama ukosefu wa leptini (homoni inayouarifu ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha), zina tiba mahususi, na hakuna mpangilio wa milo nyumbani unaoweza kuchukua nafasi yake.